Mwanangu hana kovu, lakini alitibiwa moyo

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 19 sasa, na magazeti nayajua zaidi kwa kukatia patani na kufungia nguo za wateja kuliko kwa kuyaandikia. Leo naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua kwa sababu kuna neno linazunguka mtaani kwetu, na kila nikilieleza kwa mtu mmoja, wengine wawili wanalipindua.

Mwezi wa pili mwaka huu binti yangu wa miaka mitatu alizibwa mshipa ulio jirani na moyo, Dar es Salaam. Mtaa mzima ulichanga. Lilifunguliwa kundi la WhatsApp, akachaguliwa mweka hazina, zikapatikana shilingi 1,870,000. Wapo waliotoa laki, na yupo mama muuza vitumbua aliyetoa 2,000 akaomba radhi kwamba ni kidogo. Asubuhi ya safari walikuja stendi watu kumi na zaidi, akina mama wanajifuta machozi kwa ncha za khanga kama vile hatutarudi na mtoto. Tukaenda. Siku ya sita tukarudi naye, anatembea mwenyewe, biskuti mkononi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Watu walikuwa wamejiandaa kumwona mtoto kafungwa bandeji kuanzia shingoni mpaka tumboni, amebebwa, haruhusiwi kuguswa. Shangazi yake mmoja akamwogesha jioni ile, akatoka uani akasema kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, "Mbona kifua hakina kitu?" Habari ikalala kijiweni. Wiki haikuisha nikaanza kuletewa maneno: fundi kala hela za watu, mtoto hakupasuliwa, kapewa dawa ya maji akarudishwa. Mzee mmoja ninayemshonea kanzu kila Idi alikuja, akakaa kwenye benchi langu, akaulizia bei ya kitambaa asichokitaka, akazungumzia mvua, mwisho akalitoa: "Fundi, hebu niambie, na kovu liko wapi?"

Sikumkasirikia, na namshukuru kwamba aliniuliza usoni. Hata mimi, daktari aliponiambia kwamba hatafungua kifua, nilielewa kuwa ananiambia kwa adabu kwamba mtoto haponi tena. Kwa hiyo namjibu yeye, na wote walio nyuma yake, kwa kirefu.

Binti yangu alizaliwa kabla ya siku zake, wiki ya 34. Tangu uchanga, akinyonya jasho linamtoka kichwani mpaka khanga ya mama yake inalowa. Ananyonya kidogo, anaachia, anahema, anarudi. Usiku mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Hajatimiza miaka miwili ameshalazwa kwa nimonia mara nne. Zahanati tuliyokuwa tukienda, ambayo siitaji, walitupa dawa ileile kila safari, na ni kweli kikohozi kilikuwa kinapoa, kisha baada ya wiki sita kinarudi. Mtaani walikuwa na jina lao: mtoto kabemendwa, yaani kadhoofika kwa sababu mzazi hakujizuia wakati wa kunyonyesha. Wasomaji wa pwani wanajua neno hilo linamwelekea nani. Mke wangu alifika mahali hataki kwenda bombani mchana. Jamaa wengine wakasema ni kimeo, kile kinyama cha kooni, akatafutwa mtu wa kukikata, na kama si mvua kubwa ya siku ile kumzuia kufika, tungemkata.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote. Nguo za huyu mtoto nashona mwenyewe, na vipimo vyake nimeviandika kwenye daftari lilelile la wateja. Kati ya mwaka wa pili na wa tatu kiuno chake hakikuongezeka hata nusu inchi. Kifua upande wa kushoto kikawa kinatokeza, nikawa naulegeza mshono wa upande ule kila gauni jipya, nikidhani ndivyo alivyoumbwa. Ushahidi ulikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, na sikuusoma.

Aliyeusoma ni daktari wa watoto wa hospitali ya mkoa, mama mmoja mpole, tulipompeleka kwa nimonia ya tano. Aliweka kile kifaa chake cha kusikilizia chini kidogo ya mtulinga wa kushoto, akatulia. Akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyozoea kuona. Kisha akakitoa masikioni mwake akanipa. "Baba, njoo usikie na wewe."

Ndugu Mhariri, nilisikia cherehani.

Nilitarajia tu-tu, tu-tu, kama moyo wa mtu yeyote. Badala yake kulikuwa na mngurumo usiokatika, unapanda na kushuka lakini haukomi, kama Singer ya kukanyaga inapopita kwenye kitambaa cha jinzi. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema vitabu vyao navyo vinauita mlio wa mashine, na jina hilo lina zaidi ya miaka 100. Akasema anajua tatizo ni nini hata kabla ya kipimo cha eko, kile cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, ila lazima kipimo kifanyike.

Alivyonieleza ni hivi. Mtoto akiwa tumboni hapumui, mapafu yake yamelala, oksijeni anaipata kwa mama. Kwa hiyo Mungu kamwekea kijimshipa cha mkato kinachotoka kwenye mshipa wa mapafu kuingia kwenye mshipa mkuu wa mwili, ili damu isipoteze safari kwenda mahali pasipo na kazi. Mtoto akizaliwa na kulia, hewa inaingia, na kijimshipa kile kinajikunja na kuziba ndani ya siku mbili tatu. Kwa wengine, hasa njiti, hakizibi. Basi damu iliyokwisha kutoka kwenye moyo kwenda mwilini inapenya pale na kurudishwa mapafuni, inazunguka, inarudi tena. Mapafu yanajaa maji, ndiyo maana nimonia haiishi. Moyo unafanya kazi ya mioyo miwili, unapanuka, ndiyo maana kifua kinatokeza. Na uji wote anaokunywa unaishia kuulisha huo moyo, ndiyo maana kiuno hakiongezeki.

Ukiacha miaka ipite, mishipa ya mapafu inakakamaa kwa kupigwa na ile damu ya nguvu. Mwisho mkondo unageuka: damu isiyo na oksijeni inavuka kwenda mwilini, vidole vinakuwa vya buluu. Ikifika hapo kuziba si tiba tena, kunaweza kumuua. Nililielewa neno hilo vizuri, maana nguo iliyoachwa ichanike mpaka kitambaa chenyewe kimeoza, hata kiraka hakishiki.

Tukapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Upanga kwenye eneo la Muhimbili. Wenye umri wangu wanakumbuka zamani mtoto wa moyo alikuwa wa kupelekwa India, kama familia ilikuwa na bahati ya kuingia kwenye orodha. Taasisi hiyo ilianza 2015. Tulipanda basi alfajiri, Segera, Chalinze, mpaka stendi ya Magufuli kule Mbezi, mtoto kalala njia nzima kwenye mapaja yangu, na mkono wangu ulikuwa kifuani mwake ukisikia ile mashine inavyotetemeka. Ndiyo, inatetemeka hadi nje. Kwa miaka mitatu nilikuwa nadhani ni kukoroma.

Sasa nije kwenye lile wasilolisadiki watu.

Zamani, kijimshipa hiki kilifungwa kwa kupasua ubavu wa kushoto. Wa kwanza kufanikiwa ni daktari kijana wa Boston, Marekani, Robert Gross, mwezi Agosti 1938, mkubwa wake wa kazi akiwa likizo. Alimpasua msichana wa miaka saba, akakifikia kijimshipa, akakifunga kwa uzi wa hariri. Nilisoma hayo kwenye simu usiku wodini, nikalirudia mara mbili lile neno hariri. Kupasua ubavu bado kunafanyika, na kunaponya. Lakini mwaka 1967 daktari wa Berlin, Werner Porstmann, alitangaza kwamba amekiziba kwa kupita ndani ya mishipa, akiingilia pajani, bila kugusa mbavu. Tangu hapo vifaa vimekuwa vikipungua ukubwa mwaka hadi mwaka, mpaka leo kuna kizibo kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya njiti wa gramu 700. Gramu 700 ni chini ya uzito wa pasi yangu ya mkaa, mbali sana.

Siku moja kabla, daktari alinionyesha kizibo cha mfano. Alikitoa kwenye kisanduku akakiweka kiganjani mwangu, na nakiri kwamba kwa dakika chache nilisahau kuwa mimi ni baba wa mgonjwa, nikawa fundi. Kina umbo la uyoga, upande mmoja milimita 8, mwingine 6. Kimesukwa kwa nyaya nyembamba kama unywele, mchanganyiko wa nikeli na titani, madini yenye tabia ya kukumbuka umbo lake. Akaniambia nivute. Nikakivuta, kikanyooka kikawa kama uzi mnene wa kiatu. Nikakiachia, kikarudi uyoga. Nikakigeuza kwenye mwanga na ndani nikaona kitambaa cheupe kimeshonwa kwa uzi. Nikamuuliza ni kitambaa gani. Poliesta. Poliesta, Ndugu Mhariri, ndugu wa ile ninayoshonea sare za shule kila Januari. Kazi yake ni kuikamata damu igande mahali pale, kisha baada ya miezi nyama ya mwili inaota juu yake, na kizibo kinakuwa sehemu ya mshipa.

Hiki cha binti yangu ni cha kiwandani. Lakini Bolivia, mji wa La Paz, ulioko juu ya milima, mita 3,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na watoto wengi zaidi hubaki na mshipa huu wazi baada ya kuzaliwa, yuko daktari aitwaye Franz Freudenthal aliyebuni kizibo kinachosukwa kwa mkono na wanawake wa kabila la Waaymara. Wanawake hao wamerithi ufumaji kwa mama zao. Mama mkwe wangu anasuka mikeka kule Pangani tangu utoto, na nilipomhadithia aliacha ukili aliokuwa nao mapajani.

"Wanasuka kwa miyaa mingapi?"

"Mmoja tu, Mama. Waya mmoja, mwanzo mpaka mwisho."

Alinyamaza, akauangalia ukili wake. "Basi mwisho wake wanauficha wapi?" Swali hilo sikuwa na jibu lake, na ndilo swali la fundi. Jamaa wengine wote waliniuliza bei.

Na kabla sijaendelea, kwa wale wanaoona ajabu daktari kufananishwa na fundi cherehani: Alexis Carrel, Mfaransa aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 1912 kwa kuwafundisha madaktari kuunga mishipa ya damu, alijifunza kushika sindano kwa mwanamke mtarizi wa Lyon. Siku nyingine mtu akija kunipunguzia bei nitamkumbusha.

Siku yenyewe mtoto hakula tangu usiku. Walimchukua saa mbili na nusu asubuhi, kabla yake niliweka sahihi karatasi inayosema yale yanayoweza kutokea: kizibo kinaweza kuponyoka kikaenda mapafuni, mshipa wa mguu unaweza kuziba, damu inaweza kuvuja. Sahihi yangu siku ile haifanani na yoyote niliyowahi kuweka. Chumba kile kina mtambo wa eksirei unaoonyesha moyo unapiga, kwenye kioo, palepale. Wanatoboa mshipa pajani karibu na kinena, wanapitisha mpira mwembamba, unapanda tumboni, unaingia moyoni, unatokea kwenye kile kijimshipa. Wanamwaga dawa inayong'aa kwenye picha ili waone damu inapopenya. Kisha kizibo, kikiwa kimevutwa kikanyooka, kinasukumwa ndani ya mpira, na kikitokeza upande wa pili kinajifungua chenyewe. Wanavuta kidogo kuona kimekaa. Wanamwaga dawa tena. Ndipo wanakifungua kutoka kwenye waya na kutoa mpira. Daktari alinionyesha picha baadaye: ya kwanza, wingu jeusi linarushwa mapafuni kila moyo ukipiga, ya pili, wingu linafika pale, linagota, linapita njia yake. Ilichukua muda wa saa moja na robo. Mimi nje nilikuwa nimehesabu vigae vya sakafu.

Jeraha lote ni tobo pajani, juu yake plasta ndogo kama ya mtoto aliyechomwa sindano. Kazi kubwa ilikuwa ya mama yake na mimi: mguu ule usikunjwe kwa saa sita. Mweleze mtoto wa miaka mitatu aliyeamka ana njaa kwamba asikunje mguu. Tuliimba nyimbo zote, tukamwonyesha katuni mpaka simu ikazima, tukamwahidi baiskeli ambayo mpaka leo ananidai. Usiku nililaza sikio kifuani pake. Cherehani ilikuwa imezimwa. Tu-tu, tu-tu. Nilidhani moyo unasimama, nikamwita nesi. Nesi akasikiliza, akanitazama, akasema, "Baba, hivi ndivyo moyo unavyolia."

Nisije nikaonekana natangaza biashara. Kitanda cha pili kulikuwa na mvulana wa miaka minne kutoka mkoa mwingine, mwenye zile kasoro nne zinazokuja pamoja, aliyekuwa anachuchumaa kila akitembea hatua kumi, midomo ya buluu. Yule alifunguliwa kifua katikati, mfupa ukakatwa kwa msumeno, moyo ukasimamishwa, na mashine ikasukuma damu na kupumua badala yake. Ana kovu refu la wima, na ndilo lililompa uhai. Kizibo hakingemsaidia, maana kwake kuna njia ya kupanua na kiraka cha kushona, na kiraka chenyewe mara nyingi hukatwa kwenye mfuko wa moyo wa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo msomaji asiende hospitali akadai tundu dogo kama anavyochagua mtindo wa kola. Kijimshipa kama cha binti yangu, tundu lililo katikati ya ukuta wa vyumba vya juu vya moyo likiwa na kingo za kushika, mlango uliobana unaoweza kupanuliwa kwa puto: hizo ni baadhi ya kazi za pajani. Mengine mengi yanahitaji sindano na mkono wa mtu.

Hata hizo za sindano zimeanza kupunguzwa majeraha. Ziko hospitali duniani zinazoziba tundu la moyo kwa kupasua chini ya kwapa la kulia, mahali ambapo mkono ukishuka hapaonekani, au kwa kufungua nusu ya mfupa wa kifua badala ya wote. Daktari François Laborde wa Paris alianza mwaka 1991 kukibana kijimshipa hiki kwa kupitisha kamera na vyombo vyembamba kati ya mbavu. Mimi najua kushona ndani ya mfuko ulioshonwa tayari, vidole viwili tu ndio vinaingia, na hiyo ni suruali iliyotulia mezani. Wao kitambaa chao kinapiga mara 120 kwa dakika. Wakikisimamisha, mashine ndiyo inayoshika roho ya mtoto mpaka wamalize. Jeraha likiwa dogo, ujue shida yote imehamia kwa fundi.

Ndiyo jibu langu kwa mzee wa kanzu. Pindo la bei rahisi unaliona mpaka ng'ambo ya barabara. Kanzu yake ya Idi iliyopita niliipiga pindo kwa mkono, usiku kucha, na aliigeuza huku na huku akaniuliza, "Pindo umepiga wapi?" Alilipa bila kuomba kuonyeshwa uzi.

Hesabu nayo isemwe. Matibabu sehemu tulilipa, sehemu tulisamehewa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii baada ya kujaza fomu na kuhojiwa. Nauli za watu wawili, chakula, vipimo, dawa, na usiku mmoja wa nyumba ya wageni kwa sababu binamu yangu hakupokea simu. Risiti zote zimebandikwa kwa pini kwenye ubao wa patani barazani kwangu, pembeni ya picha ya eksirei ya mtoto inayoonyesha kile kijiuyoga kinang'aa upande wa kushoto wa uti wa mgongo. Anayetaka kovu, kovu ni hilo. Aje mchana, taa haipo.

Lipo ombi ambalo sitaki lipite bila kuandikwa. Karibu mtoto 1 kwa kila 100 anazaliwa na kasoro fulani ya moyo, na ni maumbile, baba na mama hawakufanya jambo. Wahudumu wa kliniki za mama na mtoto wanampima mtoto uzito kila mwezi na kuchora ule mstari kwenye kadi. Mstari ukilala miezi mitatu, na mtoto anatoka jasho akinyonya, na nimonia inarudi, basi kifaa cha kusikilizia kiwekwe kifuani, mbele na mgongoni, chini ya mtulinga wa kushoto pia, mtoto akiwa ametulia. Hakihitaji umeme wala safari ya Dar. Na kile kibano cha kidoleni kinachosoma oksijeni, tulichokizoea wakati wa korona, kikiwekwa mguuni kwa kichanga kabla hajatoka wodi ya wazazi kinaweza kuwafichua baadhi ya wale wa buluu mapema, ingawa wangu kisingemwona. Mimi nilichelewa miaka mitatu na nilipona chupuchupu. Daktari alisema mapafu yalikuwa yameanza kukakamaa.

Alirudi kupimwa baada ya mwezi, kizibo kimekaa, damu haipenyi. Nimempima na mimi, kwa futi yangu: kiuno kimeongezeka inchi moja na robo. Magauni matatu nimeyafumua.

Salio la mchango ni shilingi 214,000. Nilimkabidhi mweka hazina Jumapili mbele ya watu wanne na akaandika kwenye kundi. Maneno yalipungua, hayajaisha. Nimependekeza hela hiyo isigawanywe. Nyumba ya nne kutoka kwangu kuna mtoto wa miezi saba, bibi yake ananiambia kila akinyonya mto unalowa, na yule mtu wa vimeo ameshaulizwa. Jana niliomba ruhusa nikalaza sikio pale kifuani. Wana miadi hospitali ya mkoa Jumatano, na baba yake yuko baharini, kwa hiyo nitafunga baraza siku hiyo. Wateja wenye nguo za harusi ya Ijumaa waje kuzichukua Jumanne.

Fundi Cherehani,
Ngamiani, Tanga
(Jina na simu yangu anavyo mhariri)